Sweta ya Mama Mkwe

Joram alinipigia simu alasiri nikiwa nachagua mapazia Kitengela.

"Mama Roy, niletee sweta ya Mama hapa site. Ile ya kahawia. Na usiifue."

"Sweta ya nini, na wewe uko na jaketi tatu?"

"Leta tu. Kabla giza iingie."

Sikubishana. Mume anayeleta mshahara wa aina ile habishiwi. Kwa miaka mingi Joram alikuwa injinia wa kuomba nauli, shahada ukutani na sufuria tupu jikoni. Halafu akapata kazi ya daraja jipya, mbele ya Bisil. Mara tukahama chumba kimoja, mara nikawa na gari. Kwa nini analipwa mara tano ya wenzake aliosoma nao? Sikuuliza. Mimi nilikuwa nimechoka na umaskini.

Kasoro ilikuwa moja tu nyumbani: mama yake. Alihamia kwetu kutoka Ukambani na ugoro wake, na sweta ile ilinuka hadi kochi zangu zikanuka. Usiifue? Nilikuwa nimeifua jana yake, mara mbili, kwa maji moto. Nikapitia nyumbani kuichukua, nikaitupa kiti cha nyuma, nikaondoka.

Karibu na Bisil gurudumu likapasuka. Upepo ulikuwa unavuma na vumbi lake, na mimi nimevaa blauzi nyeupe mpya. Blauzi ile singeichafua. Nikavaa sweta ya Mama juu yake, nikapiga jeki, nikapigana na zile nati mpaka jasho likanitiririka mgongoni. Nilipomaliza nikaivua, nikaikunja vizuri.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Kajiado zege humwagwa jioni, joto likipungua, lisije likapasuka. Mashine ilikuwa inanguruma kando ya shimo la nguzo. Joram alikuja kunipokea mbali na wafanyakazi. Hakunisalimia.

"Hujaifua?" alinong'ona.

"Aka, sijaifua."

Uongo mdogo wa nyumbani.

Nyuma yake alisimama mwanamume aliyevaa kofia nyeupe ya mainjinia. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na harufu yake... harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Akachukua sweta. Akaikandamiza puani. Akavuta pumzi, ndefu... ndefu...

Kisha akaniangalia mimi.

"Jasho bado ni bichi," akasema.

"Ni ya mama yangu," Joram akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Yule mtu akatabasamu. Akashuka shimoni, akatembea juu ya zege bichi hadi katikati, akailaza sweta pale. Hakuzama. Hakuacha alama. Zege likamwagwa juu ya sweta na juu yake yeye. Hakusogea wala kulia, mpaka ile kofia nyeupe ikafunikwa.

Tup... tup... tup...

Kitu kilikuwa kinagonga kutoka chini. Wafanyakazi wakainamisha vichwa, wakaendelea kumwaga.

Nilikimbilia gari. Langoni Lemein, mlinzi, akainama dirishani, akanisalimia Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko." Niliitikia, mkono kwenye ufunguo. "Yule ni nani?"

"Injinia wa kwanza. Alianguka kwa shimo wakimwaga simiti, na mashine haikusimamishwa. Sasa kila nguzo anataka mwenzake. Anapewa nguo, mwenye jasho anamfuata. Mainjinia wengine walikataa kuleta. Ndio mshahara ikapanda."

Nilifunga dirisha. Kumbe mume wangu alikuwa amemuuza mama yake mzazi! Na nitasema wazi, nani atanifanya nini sasa: jambo la kwanza nililofikiria ni kile chumba cha Mama, kilivyo na dirisha kubwa, kitakavyofaa kwa wageni. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeifua sweta. Jasho la Mama halikuwemo hata tone. Nikacheka peke yangu barabarani. Zimwi limepewa sabuni!

Blauzi ilikuwa imenata mgongoni, baridi.

Jasho.

Joram alirudi alfajiri. Alienda moja kwa moja hadi mlango wa mama yake, akaweka sikio. Mlango ukafunguka, Mama akatoka mzima kabisa, akiuliza nani amechukua sweta yake. Joram akageuka polepole. Nilikuwa kwenye kochi, nyayo zimekufa ganzi. Akaziangalia.

"Uliifua," akanong'ona.

"Na nikaivaa. Joram, turudi. Tuibomoe hiyo nguzo."

Nilingoja alie. Nilingoja ashike nyundo.

"Ishashika," akasema, akaenda kuoga.

Sasa ganzi imefika kifuani. Daktari anasema ni mishipa. Beseni likinigonga muundi, mguu unalia ko, jiwe tupu. Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Joram hajaingia. Amepata daraja jingine upande wa Kiserian, na mshahara umepanda tena. Wiki hii alimletea Mama sweta mpya ya sufu, nzuri ajabu, akamwonya msichana wa kazi asiifue kamwe.

Mama ameivaa. Ameketi hapa kitandani, ananikanda miguu kwa maji moto, jasho linamtoka, ananiita mwanawe. Mama wa watu! Nampenda leo, na nimechelewa. Nataka kumwambia aivue, lakini ulimi umekuwa mgumu tangu asubuhi.

Nimebaki na kidole kimoja kinachosogea. Nimeandika haya yote kwenye simu, nikamsukumia.

Ameishika mbali na macho, ameigeuza huku na huku. Amecheka.

Mama hajui kusoma.