Patupu Pana Mtu

Siku hiyo, mchana kweupe, patupu palicheka.

Tusidanganyane, majini hayangoji giza. Hata sahani kubwa ya redio aliyoiendesha Mama Chiriku haikuhitaji giza. Ilisikiliza wingu la haidrojeni lililozunguka nyota moja jitu, nyota yenye joto la kuirarua gesi mpaka ikavuma kwa mawimbi ya redio. Kazi yenyewe ndiyo hii: unalisikiliza wingu, unaigeuza sahani kando, mahali patupu pasipo na nyota, unasikiliza tena, halafu unabonyeza TOA. Kompyuta inatoa yote yaliyosikika patupuni, linabaki wingu peke yake. Cha patupuni ni uchafu, basi. Mama Chiriku alikuwa ametoa uchafu huo miaka nenda, miaka rudi.

Yaya alikuwa ametoroka, kwa hiyo binti alikuja kazini na mama yake. Mdomo wake haukuwa na breki, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alikuwa anachezea hedifoni kile kicheko kilipopita, akaitikia kwa furaha, "Karibu!"

"Unamkaribisha nani, mamangu?"

"Kuna mtu amepiga hodi, Mamii."

Mama akacheka. Masikini, akacheka!

Tangu hapo Chiriku akanyamaza. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, na harufu ikawafuata hadi nyumbani. Mtoto alikaa kitandani macho kodo, hali, halali, na akifumbua kinywa inatoka shaaa, kama redio isiyoshika stesheni. Daktari akasema koo halina neno. Mama mtu akalia mpaka machozi yakamkauka.

Fundi wa sahani alikuwa na shangazi mganga. Wakampigia simu kutoka pale pale kazini.

"Sasa wako wawili," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Mmoja si wako. Mtambue, umtoe."

Kutoa! Kama kuna kazi Mama Chiriku aliijua, ni hiyo.

Akampakata mtoto, akavaa hedifoni, akaigeuza sahani kuelekea patupu, na badala ya mvumo akaisikia sauti ya Chiriku ikiropoka kama zamani, kisha ikaanza kulia, "Mamii, huku hakuna kitu, Mamii, nimekuita mpaka nimechoka, njoo unichukue," na ile harufu ya nywele ikamjaa puani, na mtoto aliye mapajani akamkumbatia shingoni akitetemeka, na Fundi akawa ananong'ona, "Usilijibu, dada, linamwigiza mtoto, cha patupuni ni uchafu tu, unajua," naye kweli alijua, alijua kuliko wote, na kidole kikaenda chenyewe kule kilikozoea kwenda.

"Mamii, usi—"

Patupu pakawa patupu. Wingu halikuwahi kusomeka safi namna ile.

Mtoto mapajani akainua uso. Rangi imemrudia, macho yanang'aa.

"Mama," akasema, polepole, kama anayeonja neno. "Twende nyumbani."

Chiriku hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Simu ilikuwa bado hewani. "Umeshamtoa?" mganga akauliza.

"Nimemtoa."

"Yupi?"

Mtoto akanyoosha mkono mezani, akaikata simu.