Kipande Alichokikataa Baba

Kila neno la hadithi hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki, na mkinikamata na uongo hata mmoja, nitapika tamale, ile mikate ya unga wa mahindi inayofungwa majani na kuivishwa kwa mvuke, za mtaa mzima peke yangu.

Katika nyumba ya akina Barrientos, upande wa magharibi wa San Antonio, kila asubuhi ilianza kwa kupeleka ujumbe. Tarishi alikuwa Nayeli, msichana wa miaka kumi na miwili.

"Nayeli, mwambie baba yako kahawa iko mezani," alisema mama yake, Ofelia.

"Baba, kahawa iko mezani."

"Mwambie mama yako asante," alijibu baba yake, Rogelio, ambaye alikuwa karibu na mkewe kiasi cha kugusana viwiko.

Hali ilikuwa hivyo tangu Novemba. Rogelio, fundi wa kuezeka mapaa, alikuwa akichelewa kurudi kila Alhamisi, akidai ana kazi ya ziada. Kisha Ofelia akakutana sokoni na mke wa fundi mwenzake, akaambiwa kuwa Alhamisi hakuna kazi ya ziada. Hakumuuliza mumewe. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulikuwa mzito hata paka wa jirani akahama mtaa.

Nayeli aliijua siri ya Alhamisi. Siku moja, akitafuta koleo la kurekebishia baiskeli, alikuta kifaa cha kupimia sukari mwilini na chupa ya vidonge chini ya misumari, katika sanduku la vifaa. Baba yake akamkuta amevishika.

"Ni kisukari, mwanangu," alinong'ona. "Alhamisi naenda kliniki. Lakini usimwambie mama. Babu yako alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, na mama yako ndiye aliyemuuguza. Sitaki kumtia hofu tena."

Nayeli akaahidi. Ahadi ile ilimlemea kama gunia la unga. Ilizidi kumlemea siku nne kabla ya sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi waliomzuru mtoto Yesu, alipomsikia mama yake akizungumza kwa simu na mama mdogo aliyeko mji wa Laredo.

"Tukishakata mkate tu, nakuja huko," alisema Ofelia. "Mimi na mtoto."

Tarehe sita Januari, saa tisa alasiri, mkate wa Wafalme ulikuwa mezani. Ulikuwa duara lililopambwa kwa matunda ya sukari, kubwa kiasi kwamba gari dogo lingeweza kugeuka katikati yake. Ofelia aliuoka mwenyewe na kuficha ndani yake mwanasesere mdogo mweupe. Kila mtu hujikatia kipande, na atakayempata mwanasesere huwapikia wenzake tamale tarehe mbili Februari. Mezani walikuwa wazazi, Nayeli na mzee Chebo, jirani mstaafu ambaye hakosi palipo na chakula.

Mzee Chebo akakata. Nayeli akakata. Ofelia akakata. Hakuna aliyesema amempata mwanasesere. Ofelia akamsukumia mumewe kisu, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi hakumtumia tarishi.

"Kata."

"Mimi sili," alisema Rogelio, macho yake kwenye ile sukari.

Nayeli aliuona uso wa mama yake ukibadilika. Katika nyumba ile, asiyekata mkate ni kama anasema: Februari msinitarajie.

"Huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba kwa nani, Rogelio?"

"Jamani, mbele ya mgeni?"

"Mzee Chebo si mgeni. Mzee Chebo ni kama kabati, yumo humu miaka ishirini." Ofelia akainuka taratibu. "Nayeli, kachukue koti lako."

Nayeli alitoka, lakini hakurudi na koti. Alirudi na sanduku la vifaa, akaliweka kando ya mkate.

"Baba, fungua wewe," alisema. "Nisije nikafungua mimi."

Rogelio akafungua sanduku. Kisha akaondoa misumari, akatoa kifaa na vidonge. Ofelia hakuhitaji kuelezwa. Aliwahi kuviona vya aina hiyo kwa baba mkwe wake.

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Na Alhamisi?"

"Kliniki."

Ofelia akakaa. "Miezi yote hii nanusa mashati yako nikitafuta manukato, naambulia harufu ya lami." Akapumua. "Na mimi nina langu. Sanduku langu la nguo liko tayari chini ya kitanda. Kesho ningekuwa Laredo."

Rogelio akamshika mkono. "Nilidhani nakukinga."

"Ulinikinga na ugonjwa, ukaniachia hofu isiyo na jina. Daktari anasema nini kuhusu mkate?"

"Kidogo tu."

Ofelia akakata kipande chembamba, akabandua matunda ya sukari, akampa. Kisha akamgeukia Nayeli. "Mwanangu, mtu mzima akikuomba unifiche jambo, usikubali kulibeba, hata akiwa baba yako. Mzigo huo si wako."

"Kosa ni langu," alisema Rogelio. "Nisamehe, binti yangu. Alhamisi twende wote kliniki."

Nayeli akaanza kula. Ghafla akaacha kutafuna. "Mama, mwanasesere yuko wapi?"

Ofelia akaumega mkate wote. Hakumwona. Ndipo wote watatu wakamgeukia mzee Chebo, ambaye hajawahi kunyamaza robo saa tangu azaliwe, na ambaye shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mzee, fungua mdomo," alisema Ofelia.

"Hm-hm," akajibu mzee.

"Na wewe unaficha?" akauliza Nayeli. "Baada ya yote uliyosikia hapa?"

Mzee akamtema mwanasesere kiganjani. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli, basi: mzee Chebo ni mimi. Ni tarehe mbili Februari, nina unga wa mahindi hadi viwikoni, na Nayeli amesimama nyuma yangu akisoma karatasi hizi.

"Gari lingegeuka katikati ya mkate?" anauliza. "Mzee, huo ni uongo. Uliapa."

Basi, naongeza sufuria. Mtaa mzima unakuja kula.