Kikombe Kilichofunikwa

Sauti ilipomtoka Ambakisye, ukumbi mzima uliacha kutafuna.

"Ndugu zangu wa Mbeya," ilisema, nzito na taratibu, "kwa miaka mingi nilikuwa na maneno, ila sikuwa na njia ya kuyatoa. Leo njia ipo. Nimefurahi mno kuwaona, na nawashukuru wafadhili wetu."

Midomo ya Ambakisye haikutikisika hata kidogo. Alikuwa ameketi meza kuu ndani ya fulana ya njano, mtu mzima wa makamo mwenye mabega ya kupinda, akikitazama kikombe chake cha bati. Kilichosema ni kinenea: utepe mwembamba uliozunguka kichwa chake, ukisoma mitetemo ya ubongo na kuipeleka kwenye akili unde, nayo akili unde ikaigeuza sentensi na kuitamka kupitia kipaza sauti kidogo cha shingoni. Sauti yenyewe ilitungwa kutokana na kanda za marehemu baba yake. Wazee waliomjua marehemu walifuta macho bila aibu.

Atuganile, dada yake, alikuwa kiti cha pembeni mwa meza hiyo hiyo. Ni yeye mhandisi aliyekitengeneza kinenea. Wengine walisoma uhandisi ili warushe vyombo mwezini. Yeye alisoma kwa sababu ya mdogo wake aliyezaliwa na mtindio wa ubongo na hakuwahi kutamka hata neno "mama". Leo makofi yalipolipuka alipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale. Lakini yeye alikuwa anawaza masika.

Mambo yalianza asubuhi kwa matembezi ya hisani kutoka Mwanjelwa. Jiji lote lilitoka: kwaya, bendi ya matarumbeta, wanafunzi, mama lishe, na juu yao kundi la vijidege vya umeme vilivyoshika kitambaa chenye maandishi TUWAJENGEE NYUMBA. Wakazi wa kituo cha watu wenye ulemavu, alikoishi Ambakisye, walitembea mbele, walioweza kwa miguu na wasioweza kwa viti vinavyojisukuma vyenyewe. Ambakisye alishikana mkono na Lugano, rafiki yake wa mezani. Wawili hao walikuwa wamechambua kahawa pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na kahawa yao ndiyo iliyokuwa inasubiri mnada, vikapu kwa vikapu, pembeni mwa keki.

Shida ilikuwa ukuta. Mashine ya ukaguzi ya jiji ilipita kituoni, ikapapasa ukuta wa upande wa mlima, ikabandika alama nyekundu. Mvua za masika zikianza, mtu asilale mle. Na kama hakuna jengo jipya, wakazi watagawanywa kwenye vituo vya mikoa mingine, kila mmoja palipo na nafasi. Ambakisye huku, Lugano kule. Mama Sekela, mwanzilishi na mkuu wa kituo, alikuwa amegonga kila mlango mpaka visigino vikaota sugu, na mlango uliofunguka ni mmoja tu.

Mlango huo sasa ulikuwa umesimama mbele ya kipaza sauti. Daktari Elinami Mrutu wa Taasisi ya Ubongo Wazi alikuwa mtu mpole, tena mpole kwa dhati. Wanaotaka kumchukia katika hadithi hii watapata taabu.

"Taasisi itajenga kituo chote kabla ya masika," alisema, na ukumbi ukapiga vigelegele. Akangoja vitulie. "Tuna ombi moja. Si kwa Mama Sekela wala kwa mhandisi, ni kwa Ambakisye mwenyewe. Utepe huchomoka kichwani, hupotea, huishiwa umeme. Tunataka kinenea kiingie ndani, kiwe kipandikizi kwenye fuvu, kisitoke tena. Ambakisye awe wa kwanza."

Akainua kidole, na hewani juu ya meza kuu ikatokea picha ya fuvu, kubwa kama pipa. Sindano ikateremka polepole, mfupa ukafunguka, kitu kidogo kama punje ya kahawa kikaingia. Watu walisema "aaah!" kwa mshangao. Ambakisye aliinua macho, akaitazama sindano tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha akakifunika kikombe chake juu ya meza.

Hapo yafaa msomaji ajue jambo la kituoni. Asubuhi uji hugawiwa kwa kuzunguka na sufuria, na asiyetaka hupindua kikombe chake, mdomo chini. Ndiyo adabu ya pale tangu siku ya kwanza. Kwa watu wengi wasio na maneno, adabu hiyo ilitoka kwenye uji ikaingia kila mahali. Asiyetaka kuoga alifunika kikombe. Asiyetaka dawa alifunika. Walezi walishazoea kuambizana, "Leo Lugano amefunika matembezi," na mazungumzo yakaishia hapo.

Atuganile alikiona kikombe, akafikiri ndugu yake hataki chai. Roboti mhudumu hakufikiri kabisa. Alikuja akiteleza kwenye magurudumu yake, akakisimamisha kikombe kwa mkono wa mpira, akakijaza chai mpaka juu.

Mashine-shahidi ilisogezwa mbele. Ni mnara mfupi mweusi wenye jicho moja, unaotumika mahakamani na hospitalini kuandikisha ridhaa. "Kwa mujibu wa Sheria ya Kauli ya Mwenyewe," ilisema, "sauti ya kinenea ni sauti ya anayekivaa. Nitauliza mara tatu. Ambakisye, unakubali upasuaji huu?"

"Ndiyo," ilijibu sauti ya baba yake. "Nimefurahi mno."

Ambakisye alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakipindua na chai yake yote. Kitambaa cheupe kikawa kahawia, chai ya moto ikamtiririkia mapajani. Hakulia. Alikikandamiza kikombe chini kwa viganja vyote, akamtazama dada yake.

"Kajimwagia, masikini," watu walinong'ona. Mama Sekela aliruka na leso. "Pole baba, pole. Ni furaha imemzidi," akawaambia meza kuu huku akimpangusa.

"Samahani kwa chai," kikasema kinenea kwa upole. "Nawashukuru wafadhili wetu."

Ukumbi ulicheka kwa mapenzi. Atuganile hakucheka. Wiki iliyopita alikuwa amemuuliza ndugu yake jambo hili hili, utepe ukiwa kichwani, na kinenea kikajibu ndiyo, naye dada mtu akaweka sahihi kwenye fomu kwa moyo mweupe. Sasa alianza kupekua kumbukumbu zake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku mlango unafungwa. Kinenea kimewahi kusema neno "hapana" lini? Kwenye majaribio? La. Mbele ya wageni? La. Alipekua tena. Hakikuwahi. Hata siku moja.

Na hapohapo akajua kwa nini.

Akili unde hujua kile inachofundishwa, basi. Yeye alikifundisha kinenea kwa mitetemo, nyuso na sauti za wakazi zilizorekodiwa kituoni, na kituoni kamera ziliruhusiwa siku za wageni tu. Siku ya wageni nani asiyeijua? Wanaoshwa, wanapakwa mafuta, wanavishwa za Jumapili. Anayelia, anayepiga kelele, anayejitupa chini, anapelekwa chumba cha nyuma mpaka wageni waondoke. Mama Sekela hakuwa na roho mbaya. Alijua mfadhili akiona kilio hufunga mkoba. Na kinenea chenyewe kilipokamilika kikatunzwa kabatini kama vyombo vya wageni, kisije kikaharibika kwa matumizi ya kila siku. Hakikuwahi kukaa mezani wakati wa uji. Hakikuwahi kuona kikombe kikifunikwa. Mashine ile ilikuwa imelelewa kwenye karamu tupu, ikadhani binadamu hana neno lingine.

"Nauliza mara ya pili," ilisema mashine-shahidi. "Unakubali?"

"Ndiyo. Nimefurahi mno."

Ambakisye hakukiachia kikombe. Roboti mhudumu alikuwa anarudi na birika.

Atuganile alimtazama Lugano kule chini, akipiga makofi kwa sababu wengine wanapiga. Alijua akisimama atakuwa amemfungia Lugano mzigo kwa mikono yake mwenyewe. Alijua akiketi, ndugu yake atapasuliwa kichwa huku akisema hapana kwa njia pekee aliyonayo, na baada ya hapo ile sauti tamu itakuwa ndani ya mfupa, ikishukuru wafadhili mpaka kufa kwake. Moyo ulimuuma pande zote mbili. Akasimama.

"Atu," alinong'ona Mama Sekela akimshika gauni. "Kaa chini, mwanangu. Utatumaliza."

"Niwie radhi, mama."

Alimvua Ambakisye utepe, akajifunga mwenyewe kichwani. Kinenea kilimjua. Ni kichwa chake kilichotumika kukifanyia majaribio ya kwanza, siku zile za shangwe.

"Daktari, shikamoo nilikupa asubuhi na heshima iko palepale," alisema. "Naomba uniulize mimi. Niulize kama nakubali nipasuliwe fuvu leo hii, hapa hapa."

"Mhandisi, sidhani kama—"

"Niulize tu, baba."

Daktari Mrutu alitazama huku na huku. "Haya. Atuganile, unakubali upasuliwe fuvu leo?"

Alifumba mdomo. Ndani yake alikataa kwa nguvu zote, akakataa kwa damu na kwa mifupa.

"Ndiyo," ilisema sauti ya baba yake kutoka shingoni mwake. "Nimefurahi mno."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikatisha. Mama Sekela alisimama, kitambaa cha kichwa kimemlegea, hasira na hofu zimemchanganya. "Mchezo gani huu? Atu! Yaani wewe unataka kituo changu kifungwe? Unataka watoto wangu watawanywe?"

"Ndiyo," kilijibu kinenea, kwa upole uleule. "Nimefurahi mno. Nawashukuru wafadhili wetu."

Mama Sekela akaketi.

Atuganile akauvua utepe. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, iliyokuwa inakwaruza. Aliwaeleza yote: kamera, siku za wageni, chumba cha nyuma, kabati. "Hiki chombo hakijui kukataa," alisema. "Sikukifundisha. Sote hapa tulitaka kuwaona wakifurahi, na mimi nikatengeneza mashine ya kutuonyesha tunachotaka. Ambakisye amewajibu tangu picha ile ilipotokea. Jibu lake ni hilo pale mezani."

"Nauliza mara ya tatu," ilisema mashine-shahidi, ambayo haikuwa na habari. "Ambakisye, unakubali?"

Hakukuwa na sauti ya kinenea tena. Ilisikika pumzi ya Ambakisye tu, na bati likigonga meza: aliinua kikombe kidogo, akakirudisha chini, kimefunikwa. Akainua tena. Akafunika tena.

"Kauli haijasikika," ilisema mashine.

"Imesikika," alisema Daktari Mrutu taratibu. Alishusha kidole, na lile fuvu la hewani likazimika. Alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. "Wakuu wangu hawatajenga bila kipandikizi, mhandisi. Nitawaomba, ila nisikudanganye."

Aliwaomba, na walikataa. Vikapu vya kahawa vilinadiwa siku hiyohiyo mbele ya viti vingi vitupu, keki ikanunuliwa na kwaya kwa huruma, na kilichopatikana kilitosha kuegemeza nusu ya ukuta. Masika yalikuja yasiulize nani yuko tayari. Nusu ya wakazi walibaki katika vyumba vya upande wa barabara. Nusu nyingine walipakiwa kwenye magari yasiyo na dereva, na Lugano alikuwa kwenye gari la Sumbawanga, akipunga mkono, hajui anakwenda kulala huko.

Baada ya hapo Atuganile alihamia kituoni. Alikitoa kinenea kabatini, akakifutia yote kiliyojifunza, akaanza upya, safari hii kwenye uji na kuoga, na ndani ya kile chumba cha nyuma ambacho Mama Sekela alimfungulia mwenyewe. Walizungumza kwa nadra, wao wawili, lakini walikuwa wanapika pamoja.

Asubuhi moja ya mvua alikaa mbele ya ndugu yake kwenye meza ya kuchambulia kahawa. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na Ambakisye alikuwa amekiwekea kisahani cha kahawa mbichi, kama kila siku. Atuganile alishika sufuria ya uji. Alikuwa ameliahirisha swali hili tangu siku ya harambee.

"Amba," alisema, "mimi ndiye niliyekupa ule mdomo uliokuuza. Na mimi ndiye niliyesimama, na Lugano akaondoka. Umenisamehe?"

Ambakisye alimtazama. Alitazama kiti kitupu. Halafu, bila haraka, akakifunika kikombe chake.

Machozi yalimtoka Atuganile. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kurekodi, kwa maana "hapana" iliyo wazi kama ile hakuwahi kuipata. Akakirudisha kidole.

"Nimekusikia, mdogo wangu," alisema. "Ndaga, asante."

Aliweka sufuria chini, akachukua kahawa ya kisahani cha Lugano, akaanza kuichambua, na kikombe alikiacha kama kilivyo.