Uhusiano na Mwanafunzi

Ukumbi wa maonyesho ya vyuo ulifurika watu, na msusi alikuwa ameshazunguka meza tisa bila kuelewa kitu. Alivaa gauni la samawati alilolipiga pasi mara mbili na viatu vya visigino virefu vilivyomuuma, na mkononi alibeba vipeperushi vya kuwashia moto mwezi mzima. Miaka sita alikuwa amesuka vichwa vya watu katika saluni ya shangazi yake, akiweka akiba ili akasomee kazi ya maabara. Sasa chuo cha serikali, kilicho mbali huko, kilisema ada ni milioni moja na laki mbili. Chuo binafsi, mtaa wa pili tu kutoka saluni, kilisema laki tisa. Kumbe binafsi ni nafuu? Mbona kila mtu husema kinyume?

"Usisome namba kubwa, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Soma maneno madogo chini yake."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni, alikuwa amekumbatia boksi la vipeperushi. Alimwekea kidole chini ya zile laki tisa, na hapo msusi akaona herufi nyembamba kama sisimizi: kwa muhula. Chini ya ile milioni na ushee iliandikwa: kwa mwaka, pamoja na bweni.

"Nimevichapa mwenyewe," alisema yule bwana. "Waliniambia niyapunguze hayo maneno mpaka yakaribie kupotea."

"Na wewe ukayapunguza."

"Kazi ni kazi. Ndiyo maana napita nikiwasomea watu."

Msusi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakapeana namba za simu. Yule bwana alikuwa na duka la kutoa nakala na kujazia watu fomu, kwa hiyo alimwita Nakala, naye akaitwa Daktari kabla hata hajasoma darasa moja. Kila mchana simu ililia. Daktari amekula? Daktari wa vichwa amekula, Nakala je? Jumapili walitembea bila pa kwenda, na shangazi akasema mapenzi ni kikohozi, asijisumbue kuyaficha. Ni kweli, alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anakosea mistari ya wateja.

Vyuo vyote viwili vikamkubali. Msusi alitaka cha binafsi: angelala nyumbani, angelipa kidogo kidogo, na jioni angemwona mtu wake. Nakala akajumlisha mihula miwili, mitihani, sare, makoti na vifaa vya maabara, vitu ambavyo kipeperushi hakikuvitaja, akapata karibu mara mbili ya kile cha serikali. "Akiba yako itakata katikati," alimwambia. "Nenda cha serikali. Miaka mitatu si mingi."

Si mingi kwa nani? Safari ya kwenda huko ilikuwa siku nzima kwa basi. Msusi hakujua kama anapendwa au anafukuzwa kwa adabu. Hata hivyo alimwachia fomu ya chuo cha serikali, kwa kuwa Nakala mwenyewe alijitolea kuwa mdhamini wake. Fomu ilirudi ikiwa safi, imejazwa kwa mwandiko wa kupendeza. Jina la mdhamini. Kazi ya mdhamini. Uhusiano na mwanafunzi: haihusiki.

Alilisoma neno lile mara tano. Kwa siku nne hakupokea simu. Siku ya tano shangazi alimnyang'anya kitana. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mtu akikusukuma, angalia kwanza anakusukumia wapi."

Alimkuta Nakala dukani, mashine ikitema karatasi, mteja mmoja akisubiri. Akailaza fomu juu ya kaunta.

"Hili neno ni la nani?"

"Langu."

"Kwa hiyo mimi na wewe hatuhusiki."

Nakala aliinama, akatoa chini ya kaunta rundo la karatasi zilizoharibika. Zote zilikuwa nakala za ukurasa uleule. Jirani, limekatwa. Rafiki, limekatwa. Mteja, hapo msusi alitaka kucheka. Ndugu, hapo alitaka kumzaba kofi. Ya mwisho ilikuwa imekunjwa mara nne, na neno lake halikukatwa: mchumba.

"Kuliandika hilo bila kukuuliza ni kughushi," alisema Nakala. "Nikaandika ninaloandika kila siku mtu akikwama."

"Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, ungebaki." Alizima mashine. "Dada yangu alianza chuo binafsi. Mwaka wa pili walimtoa kwenye chumba cha mtihani kwa ajili ya ada. Mpaka leo hapiti njia ile. Nami nataka ubaki, Daktari. Nataka sana, ndiyo maana nilijiogopa."

Msusi alisimama pale asijue aanze na lipi, kulia, kumtukana au kumkumbatia. Miguu ilitaka kutoka nje na moyo ulitaka kuruka kaunta.

"Niulize," alisema.

Nakala alimuuliza, akiwa amesimama, maana nyuma ya kaunta hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti. Yule mteja alijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Ndiyo," msusi alijibu. "Na naenda."

"Najua."

Akatoa ukurasa mpya, akaandika polepole, herufi kwa herufi. Msusi alilitazama lile neno likikauka. Alikuwa na furaha, na alikuwa na huzuni, na hakuweza kuzitenganisha, kwa sababu mstari uliofuata uliuliza tarehe ya kuripoti chuoni, nayo ilikuwa Jumatatu.