Maboksi Mia Nane Sitini na Manne

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zangu na kuzianika, nilimfuata Mama kazini. Mama alikuwa fundi viatu. Yeye na wanawake wenzake kumi na tisa walikuwa na ushirika wao, karakana moja ndefu ya bati ambamo walishona viatu vyeusi vya shule. Mama alikaa meza ya tatu, akibandika soli. Kazi yangu ilikuwa kusafisha brashi za gundi na kuokota vipande vya ngozi sakafuni. Harufu ya ile gundi ilinifuata mpaka darasani siku ya Jumatatu.

Wanawake wale waliniita Kikokotoo, kwa sababu nilizidisha kwa kichwa upesi kuliko simu ya Mwenyekiti.

"Kikokotoo, kumi na saba mara ishirini na tatu!" mmoja wao alikuwa akiuliza huku akigonga misumari.

"Mia tatu tisini na moja!"

Walicheka na kunipigia makofi, nami kichwa kikanivimba. Nikisema ukweli, kichwa hicho kilichovimba ndicho kilichotuponza.

Mtunza stoo tulimwita Shangazi Funguo, ingawa hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Funguo za stoo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na hakuna mwingine aliyezigusa. Mwaka ule alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilikuwa imempangia upasuaji wiki ya kwanza ya Januari, na baada ya hapo alitakiwa kupumzika nyumbani wiki sita. Siku ya mwisho ya mwaka, ambayo ndiyo siku ya kuhesabu mali, aliniita.

"Mwanangu, mimi naona vivuli tu. Nihesabie viatu vilivyomo stoo. Lakini fungua kila boksi, umesikia? Wachuuzi wakinunua viatu hawataki maboksi, wanasema yanajaza mzigo. Nayarudisha kule nyuma matupu, tuje tuyatumie tena. Kwa hiyo usihesabu maboksi, hesabu viatu."

"Sawa, Shangazi."

Maboksi yalikuwa yamepangwa kama ukuta, toka sakafuni mpaka karibu na dari. Nilifungua la kwanza, viatu. La pili, viatu. La kumi, viatu. Vumbi likanipanda puani, na nje niliwasikia wenzangu wakiruka kamba. Nikajiambia kwamba mtu kama mimi hafungui boksi moja moja kama mtoto wa chekechea. Upana, maboksi kumi na mawili. Kimo, tisa. Safu nane kwenda nyuma. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa na jibu: mia nane sitini na manne.

"Umefungua yote?" Shangazi Funguo aliniuliza.

"Yote, Shangazi."

Aliinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa, akatia sahihi yake chini ya maneno "Mali imehesabiwa". Jina langu halikuandikwa popote. Akafunga stoo, akaondoka na funguo zake shingoni, nami nikakimbilia kamba.

Sasa nikueleze habari za Dada. Dada yangu alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na muhula ule alikuwa na somo lililomfanya azungumze peke yake jikoni: uchambuzi wa taarifa za fedha. Alinieleza kwamba kila biashara, mwisho wa mwaka, huandika ina mali gani, inadaiwa nini na imepata faida kiasi gani. Asiyejua husoma faida na kushangilia. Mchambuzi huweka tarakimu za mwaka huu kando ya zile za mwaka uliopita, akagawanya hii kwa ile, kisha akauliza kwa nini zimebadilika. Mhadhiri wao alitaka kila mwanafunzi achambue biashara halisi. Dada akachagua ushirika wa Mama. Kamati ilifurahi mno, maana pale hakuna aliyewahi kuwa na mtoto chuo kikuu.

Jumapili moja mchana nilimkuta mezani, karatasi zimetapakaa kote.

"Njoo uone maajabu," aliniambia. "Mwaka juzi viatu vilikaa stoo siku arobaini kabla ya kuuzwa. Mwaka jana, siku mia moja na thelathini! Faida imepanda, lakini pesa benki zimepungua. Faida gani hii isiyoshikika? Kila nikigawanya, tatizo linarudi kwenye stoo. Wewe si uliniambia ndiwe uliyehesabu? Viatu vyote uliviona?"

Nilipaswa kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu, na Dada hakuwa mkali. Lakini nilikuwa Kikokotoo, na Kikokotoo hakosei.

"Niliviona vyote, Dada. Haki ya Mungu."

Alinitazama kidogo. Pembeni mwa karatasi alikuwa ameandika alama ya kuuliza kwa penseli. Akachukua kifutio, akaifuta.

Ripoti yake ilisema hivi: viatu vipo tele, ila vinauzwa polepole, ushirika usinunue ngozi mpya mpaka vilivyopo vipungue. Kamati ikamtii. Mashine zikanyamaza, na pesa zilizotengwa kununulia ngozi zikagawiwa wanachama kuwa faida yao ya mwaka. Fungu la Mama halikulala nyumbani hata siku moja, lilikwenda kulipa ada ya Dada. Haikupita wiki mbili, shule moja kubwa ikaagiza jozi mia sita. Mwenyekiti alitazama karatasi yenye sahihi, akajibu kwenye simu huku akicheka, "Vipo, vipo! Leteni gari Jumamosi."

Jumamosi hiyo Shangazi Funguo alirudi kazini, kavaa miwani myeusi, akafungua stoo mwenyewe. Wanawake wakapanga mstari, wakaanza kupokezana maboksi kuelekea kwenye lori. Safu ya kwanza ikatoka, na ya pili. Katika safu ya tatu Mwenyekiti alijikaza kuinua maboksi manne kwa pamoja, yakamrukia juu kwa wepesi, akayumba nusura aanguke. Akafungua moja. Tupu. Akafungua jingine, tupu. Jozi zilizopatikana zilikuwa mia mbili arobaini na moja tu.

"Funguo zilikuwa na nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nilikuwa nazo mimi," Shangazi Funguo alijibu. "Lakini maboksi ya nyuma siku zote ni matupu, nyote mnajua."

"Sahihi hii ni ya nani? Mia nane sitini na nne!"

"Ni yangu. Niliandika nilichoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Shangazi Funguo aligeuza ile miwani myeusi upande wangu, akangoja. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alinipa nafasi niseme mwenyewe, nami nikaitazama brashi ya gundi mkononi mwangu kana kwamba sijawahi kuiona.

"Upasuaji wa macho si pesa kidogo," mtu mmoja alisema nyuma yetu, na wengine wakaguna.

Shangazi alivua kamba shingoni, akamwekea Mwenyekiti funguo kiganjani, akatoka akipapasa ukuta. Lori nalo likaondoka bila kiatu hata kimoja, maana shule ilitaka mzigo kamili au isichukue kabisa.

Siku nne nilinyamaza. Nilikula kama kawaida. Mama alikuwa akisema, "Siamini kama yule mama ni mwizi, siamini," na kila aliposema hivyo nilisingizia kazi ya shule nikatoka chumbani.

Jumatano alasiri Dada alirudi na ripoti yake iliyosahihishwa. Alikuwa amepata thelathini na moja katika mia. Alituketisha, mimi na Mama, akatusomea maneno ya mhadhiri yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Ngozi iliyonunuliwa mwaka mzima haiwezi kutoa viatu vyote hivi. Tarakimu zako zilikuonyesha tatizo. Nani alifungua maboksi?"

Dada aliweka karatasi chini. "Mama, viatu havikuibwa," alisema taratibu. "Havijawahi kushonwa."

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyefungua. Nilifungua kumi, mengine nikazidisha."

Ningetamani wanipige. Dada alifunika uso kwa mikono. Mama alinitazama muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mtoto wake kati ya watoto wa wengine.

"Siku nne mama wa watu anaitwa mwizi," alisema, "na wewe unakaa humu ndani unakula?"

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya wanachama wote. Nilisema yote, hata habari za kwenda kuruka kamba. Dada naye alisimama. "Kosa la mdogo wangu ni lake," alisema. "Langu ni kwamba niliona dalili, nikafuta alama ya kuuliza kwa sababu mwenye kuapa alikuwa ndugu yangu." Mwenyekiti alikwenda kumwita Shangazi Funguo nyumbani, akamwomba radhi mlangoni. Shangazi akakataa.

"Uliniita mwizi mbele ya watu," alisema. "Kaniombe radhi mbele ya hao hao."

Akaombwa radhi mbele ya hao hao. Hesabu zikaandikwa upya, na ile faida ikayeyuka yote. Ilibidi kila mwanachama arudishe fungu lake ili ngozi inunuliwe. Fungu la Mama lilikuwa limekwisha kuingia chuoni, na chuo hakirudishi ada. Dada akaahirisha masomo, akaketi meza ya nne karibu na Mama, akashona viatu mwaka mzima kulipa deni lile. Vidole vyake, vilivyozoea kalamu, vilitobolewa na sindano mpaka vikaota sugu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Jumamosi ya kwanza baada ya kikao, Shangazi Funguo aliniita stoo. Aliketi juu ya kiti kifupi, akaniamuru nihesabu upya. Nilifungua maboksi yote mia nane sitini na manne, moja moja, mpaka kucha zikaniuma. Jozi zilikuwa mia mbili arobaini na moja, hakika.

"Sasa nisikilize, mwanangu," alisema. "Kuzidisha unajua, na hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini siku ile mimi nilikuwa sioni, nikaazima macho yako. Ukayafumba, kwa kuwa ulitaka kwenda kucheza. Halafu nikakungoja mbele ya watu wote, ukayafumba mara ya pili. La kwanza ni uvivu wa kitoto, nimelisamehe. La pili bado linaniuma, sikufichi. Ukiandika tarakimu, kuna mtu atakayeiamini, na kuna mtu atakayelipa. Kama hukuona, sema sikuona. Aibu yake haizidi dakika moja."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusikia. Andika jina lako hapa."

Niliandika jina langu lote. Aliisoma karatasi mwenyewe kwa macho yake mapya, mstari kwa mstari. Kisha akatundika funguo kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua mkoba wake na kwenda zake. Ushirika ulimbembeleza mara tatu, lakini hakurudi tena kazini.

Siku hizi pale karakana hakuna anayeniita Kikokotoo. Kila mwisho wa mwaka naingia stoo asubuhi na karatasi yangu, nafungua maboksi moja moja, hata yale ambayo nikiyashika tu najua ni matupu.