Ombi la Ukumbi wa Juu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia ua na kunywa uji mchachu, Puseletso na bibi yake walishika njia kwenda kwenye jengo la chama cha kuzikana. Nkgono, maana ndivyo mabibi wanavyoitwa katika mji wao wa Botshabelo, alikisukuma kiti cha magurudumu cha mjukuu wake huku akisalimia kila geti. Safari ya dakika kumi ilichukua dakika arobaini. Nkgono alikuwa katibu wa chama, na katibu lazima ajue nani anaumwa, nani ameposa, na nani kanunua makochi mapya ilhali juzi tu alilia hana kitu.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa duka la fanicha, lenye ghorofa moja. Chini chama kiliweka mahema, viti vya plastiki na masufuria makubwa ya miguu mitatu ya kupikia misibani. Juu kulikuwa na ukumbi. Mikutano ilifanyika juu, chai ilinywewa juu, na kwaya ya watoto ilifanya mazoezi juu. Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Puseletso aliijua hesabu hiyo kwa sababu alipanda mara moja, mgongoni mwa mtu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na miguu yake haikuwahi kupata nguvu. Siku ya kwanza, Ntate Moleko, yaani Bwana Moleko, mwenyekiti wa chama na mwalimu wa kwaya, alimbeba kama gunia la unga. Njiani sketi yake ilipanda, kiatu kikamvuka, na wavulana waliokuwa nyuma wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Huko juu akakalishwa kwenye benchi, kiti chake kimebaki chini, asiweze kusogea hata hatua moja bila kuomba.

Jumamosi iliyofuata Ntate Moleko aliinama tena mbele yake. "Haya binti, panda."

"Mimi siku hizi kuimba sipendi, Ntate," akasema Puseletso. "Nitakaa hapa nisome."

"Sawa," akajibu Ntate Moleko, akapanda zake. Hakuuliza tena.

Huo ulikuwa uongo, na Puseletso aliulipia kila wiki. Mwezi wa Julai sakafu ya chini ilikuwa baridi kama bati, na mahema yalinuka unyevu. Rafiki yake Keneiloe mwanzoni alikaa naye dakika tano kabla ya mazoezi. Baadaye ikawa dakika mbili, kisha ikawa kumpungia mkono tu akiwa ngazini. Juu vikombe viligongana. Mara watu arobaini walipasuka kwa kicheko, na Puseletso akainua uso kutazama dari, asijue wamecheka nini. Kwaya ilipoanza, aliimba sauti ya pili, aliyopangiwa siku ile ya kwanza, polepole, peke yake, katikati ya masufuria. Akisikia mtu anashuka, alinyamaza na kufungua kitabu.

Mwezi huohuo manispaa iliandika barua. Jengo linalotumiwa na watu wengi lazima liwe na njia ya kumfikisha ukumbini mtu mwenye kiti cha magurudumu. Kama chama hakiwezi, kiombe kusamehewa kanuni hiyo na kitoe sababu. Bei ya lifti ilipotajwa mkutanoni, mzee mmoja aliuliza kama lifti hiyo inafika mbinguni. Wakakubaliana kuomba msamaha.

Macho ya Nkgono yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo barua zote za chama aliziandika Puseletso kwenye meza ya jikoni, Nkgono akimtamkia.

"Andika," akasema Nkgono. "Kwa kuwa hakuna mwanachama wala mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kutumia ukumbi wa juu, tunaomba tusamehewe kanuni hiyo."

Kalamu ikasimama.

"Vipi, wino umeisha?"

"Haujaisha, Nkgono."

"Basi nini? Si wewe mwenyewe ulisema kuimba hupendi?"

"Nilisema."

"Haya, andika, mwanangu. Ntate Moleko anapita kuichukua."

Puseletso akaandika, kwa mwandiko ule ule uliosifiwa shule nzima. Alipomaliza aliisoma tena barua kimya kimya. Ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na yeye hakuwemo.

Baada ya wiki mbili alikuja ofisa wa majengo, Mme Rapulana, yaani Mama Rapulana, mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni kama skafu. Ntate Moleko alikuwa amevaa suti ya Pasaka. Aliwapanga watoto juu waanze kuimba mgeni akiingia tu, ili moyo wake ulainike mapema.

Mme Rapulana alipima mlango, akapima ngazi, akaandika. Alipogeuka akamwona msichana nyuma ya masufuria, na kitabu mapajani.

"Na huyu nani?"

"Mjukuu wa katibu," akasema Ntate Moleko. "Anamsubiri bibi yake. Huyu kuimba hapendi, Mme. Tulimuuliza."

"Ntate, nitamuuliza na mimi." Ofisa akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya Puseletso. "Barua hii inasema hakuna mtoto kama wewe anayehitaji kufika juu. Ni kweli?"

Puseletso alimtazama Nkgono aliyesimama mlangoni. Jina la Nkgono lilikuwa chini ya barua ile. Akisema ndiyo, mambo yataisha, watu watakunywa chai, na yeye atabaki na masufuria miaka yote. Akisema hapana, bibi yake ataonekana mwongo mbele ya serikali, na huenda chama kikafungiwa ukumbi. Juu kwaya ilikuwa imefika mahali anapopapenda.

"Barua niliiandika mimi," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Niliiandika mimi, na si kweli. Ninataka kuimba. Nilisema sipendi kwa sababu sitaki kubebwa tena. Nkgono hakujua. Nilimdanganya."

Ntate Moleko alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Basi msamaha siwezi kutoa," akasema Mme Rapulana, akikunja barua. "Sababu mliyotoa haipo."

"Mme, lifti hatuiwezi," akasema Ntate Moleko.

"Nani ametaja lifti? Nyinyi mmeweka masufuria chini na watu juu. Masufuria ndiyo yanayohitaji kukaa karibu na mlango?"

"Mahema ni mazito, Mme."

"Na huyu mlimpandisha mgongoni. Hameni. Wekeni ukumbi hapa chini, tengenezeni mteremko mlangoni, nami nitarudi kukagua."

Habari ilifika juu kabla ofisa hajafika kwenye gari lake. Keneiloe alishuka mbio. "Ina maana Jumamosi yote tutabeba vyombo? Wewe nawe, si ungesema mapema?"

"Ungeniuliza mapema," akasema Puseletso. Keneiloe akaenda kushika pembe moja ya hema.

Jioni hiyo, wanaume wakiwa bado wanagombana na sufuria la mwisho kwenye ngazi, Ntate Moleko alikuja kuaga. "Binti, nisamehe. Jumamosi ijayo, sauti ya pili," akasema, akaondoka polepole kuelekea getini akijishika kiuno.

Nkgono alikaa karibu na mjukuu wake kwenye chumba kilichobaki wazi.

"Umekasirika, Nkgono?"

"Nimeona aibu. Si kitu kimoja." Bibi akamfunika blanketi magotini. "Nikwambie, na usisahau. Ulipoficha shida yako, ulituonea huruma tusiyostahili. Mtu anayesema sina shida wakati anayo, anawanyima wenzake nafasi ya kumsaidia. Lakini kosa letu ni kubwa zaidi. Uongo wako ulitufaa, ndiyo maana hatukuuliza mara ya pili. Kuanzia leo sema ukweli hata kama unatusumbua. Umenisikia?"

"Ndiyo, Nkgono." "Basi, na choo. Mlango wake ni mwembamba. Kiti hakipiti."

Nkgono akageuka taratibu. "Ina maana siku zote hizi, tangu asubuhi mpaka jioni, ulikuwa unajizuia?"

"Kila Jumamosi."

Bibi aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akamwita Ntate Moleko arudi kabla hajafika getini.