Beki Mkongwe Aliyepewa D

Odessa Pruitt alikuwa kwenye foleni ya soseji, soko la West Side jijini Cleveland limefurika watu wa Jumamosi, pale mikono miwili ilipomziba macho kwa nyuma. Akageuka amekunja ngumi. Kumbe ni Tavares, mpenzi wake, mtu aliyepaswa kuwa mbali huko Phoenix, amevaa koti refu la sufu na kofia ya timu ya Cleveland.

"Wewe! Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe, mrembo. Asubuhi nimesaini na timu yenu. Mapenzi ya simu basi!"

Odessa akamrukia shingoni, akambusu mbele ya wauza nyama, kisha akamwachia ghafla. Kazi yake ni redioni: kila timu ya jiji inaposajili mchezaji, yeye humpa alama hewani kama mwalimu, kuanzia A hadi F. Na Tavares ni beki wa ndani wa mpira wa Kimarekani, yule wa kukimbizana na wapokeaji pasi wepesi katikati ya uwanja. Hiyo ni kazi ya vijana, naye ana miaka thelathini na tatu.

"Utanipa A, mama, au nikalale nje?" Tavares akatania.

Odessa alicheka, akamgeukia muuzaji, akaagiza soseji.

Jumatatu mtangazaji mwenzake, Gus, akamuuliza hewani. Odessa alikuwa ameshatazama video za mechi zake zote za msimu uliopita, na alichokiona kilimnyima raha.

"Kwanza wasikilizaji mjue, huyu ni mpenzi wangu," alisema. "Pili, nampa D. Nyonga yake ya kushoto haigeuki. Mpinzani akikatia upande huo, anamwacha kama nguzo."

Tavares akampigia simu hata kabla hajatoka studio.

"Odessa, umenimaliza! Daktari wa timu amesikia, anataka kunipima upya. Asiposema sawa, hakuna mkataba!"

"Tavi, ulitaka nilidanganye jiji zima?"

"Ungenyamaza! Nani mwingine anaona nyonga ya mtu kwenye televisheni?"

Akakata. Odessa akajifungia chooni, akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Alhamisi alipotoka kazini alimkuta Tavares amesimama kwenye theluji kando ya gari lake, kichwa wazi.

"Wamefuta mkataba. Mfupa wa nyonga umelika. Daktari anasema pigo moja baya uwanjani, nisingetembea tena."

Odessa akafungua mikono amkumbatie.

"Na nilijua," Tavares akaongeza. "Tangu Novemba. Nachomwa sindano ya maumivu, halafu nakupigia simu nakuchekesha."

"Ulijua?" Akampiga kifuani kwa mkoba, mara mbili. "Ulijua, ukaniacha nijione muuaji?"

"Niliogopa. Bila mpira ungenitakia nini?"

"Mjinga wewe! Mpira wako niliupenda lini? Si nimeupa D?"

Wakacheka huku machozi yakiwatoka. Tavares akajaribu kupiga goti. Nyonga ikagoma, akabaki amejishikiza kwenye bampa, kijisanduku mkononi.

"Pete hii nilikuwa nayo tangu siku ile sokoni. Ila sasa sina timu. Nenda kwanza ukafikirie."

"Nilishakupima zamani, kasoro zako zote nazijua," Odessa akasema, akivua glavu ya mkono wa kushoto. "Leta hiyo pete, baridi inatuua."